Majaruba ya Mlimani

Watu wa Nyamalele walipenda kusema kwamba Paskazia binti Mashimba alizaliwa na hasira zake. Uongo mtupu. Hasira zile alipewa, tena mchana mmoja, mwaka 1958, na waliompa wanajulikana kwa majina. Baadhi yao alikuja kuwapikia ugali kwa miaka mingi.

Baba yake, Mashimba, alikuwa mpima matuta. Siku zile za Mwingereza ilikuwa sheria kwamba mwenye shamba kwenye mteremko alime kwa matuta ya kukingama, yaani matuta yanayoukata mteremko upande kwa upande, ili maji ya mvua yakishuka yakute kizuizi, yatulie, yazame ardhini. Asiyefanya hivyo alitozwa faini, na asiyelipa faini alifungwa. Sheria yenyewe ilikuwa na akili, ila ililetwa na askari, na hapo ndipo ilipoharibika. Mashimba hakuwa askari. Alikuwa na kipimio chake tu, miti mitatu iliyofungwa mfano wa herufi A, na jiwe likining'inia katikati kwa kamba. Alitembea nacho mlimani hatua kwa hatua, na kila kamba ilipotulia kwenye alama alichomeka kigingi, mpaka vigingi vikajipanga vyenyewe kuonyesha tuta lipite wapi. Jioni alimwambia binti yake kwamba mto wao hauanzii kwenye chemchemi, unaanzia shambani kwa mtu. Paskazia alikuwa mdogo lakini maneno hayo yalimkaa.

Miongoni mwa waliofungwa alikuwamo jirani yao Ngosha, wiki mbili kule Magu, akichimba vyoo vya askari. Mashimba hakumshtaki. Aliulizwa kama shamba la Ngosha lina matuta, akajibu ukweli kwamba halina. Kwa Ngosha na wanawe hayo yalikuwa mamoja.

Kisha sheria ikafutwa, na asubuhi moja kikundi cha kulima kikaja nyumbani kwa Mashimba na majembe na ngoma, wanaume kama arobaini. Wakajipanga mstari mmoja, wakaimba, majembe yakapanda na kushuka pamoja kama ilivyo kawaida Wasukuma wanapolimiana. Tofauti ni kwamba siku ile hawakulima. Walibomoa. Kazi ya misimu saba waliisawazisha kabla ya adhuhuri, huku Mashimba amesimama kando na kofia mkononi. Walipomaliza walikaa kivulini wakasubiri chakula, kwa kuwa desturi ni moja: anayelimiwa shamba ndiye anayewalisha waliomlimia. Mama yake akapika. Paskazia, msichana wa miaka kumi na sita, ndiye aliyepita na birika akiwanawisha mikono mmoja mmoja, na kila mkono ulikuwa na udongo wa matuta ya baba yake. Ngosha alinawa akicheka. Hasira zikamwingia hapo, na hazikutoka tena.

Tangu siku hiyo neno lenyewe likawa haramu kijijini. Tuta la viazi lilikuwa tuta tu, halina kesi. Lakini ukitaja tuta la kukingama ulikuwa umemtaja Mwingereza, na mtu mzima angeweza kuinuka kwenye kikao akaondoka. Walilima sasa kwa kushuka, kutoka mlimani moja kwa moja hadi mtoni, na mifereji ya plau ikawa njia nzuri ya maji. Huo ndio uliokuwa uhuru wao, kuupeleka udongo ziwani bila kuulizwa na mtu.

Miaka mitatu baadaye Paskazia aliolewa na Venant, mwana mkubwa wa Ngosha. Watu walishangaa, na yeye mwenyewe alishangaa, lakini Venant alikuwa mpole, na alikuwa ameomba msamaha kwa mambo ambayo hakuyafanya. Ngosha alitoa ng'ombe bila kubishana, akawatangazia watu kwamba amempata binti wa mpima matuta aje kumlimia shamba lisilo na tuta. Alilisema hilo harusini. Alilisema tena kila msimu, na Paskazia akiwa mkamwana alipiga goti akampa ugali. Baba yake alipokufa mwaka 1971, bado akiitwa Mzee Tuta na watoto waliokuwa hawajui maana yake, alimwachia binti yake kitu kimoja. Paskazia alikitundika kile kipimio jikoni juu ya mafiga, moshi ukikilinda na wadudu.

Ngosha alipozeeka aliwagawia wanawe wawili shamba, Venant na mdogo wake Chenge. Aligawa kama wanavyogawa wote pale, vipande virefu vyembamba vinavyoshuka, ili kila mmoja apate udongo wa kichanga wa juu na mbuga, udongo mzito wa chini, na katikati akapanda mpaka wa katani. Kugawa kwa haki ni jambo jema. Lakini kipande kikiwa chembamba vile, ng'ombe wa plau hawezi kulima kwa kukata mteremko. Kabla hajatembea amefika mpakani, ageuzwe, atembee kidogo, ageuzwe tena. Basi analimishwa kwa kushuka. Udugu ulipata haki yake na mto ukapata mchanga.

Kitu kimoja kizuri Paskazia na mumewe walikijenga kule chini kwenye mbuga, nacho ni majaruba sita ya mpunga. Jaruba kila mtu wa kule analijua. Unainua ukingo wa udongo pande zote, maji yanasimama ndani, unapanda mpunga. Hata Ngosha alikuwa na majaruba yake na alijivunia kingo zake zilizonyooka. Paskazia alikuwa akimtazama mzee akizishindilia kwa miguu, akajiuliza kama mtu huyu hajioni. Chini alizuia maji kwa ukingo akafurahi, na juu alikataa ukingo ule ule kwa sababu ya jina. Lakini alikuwa mkamwana, na mkamwana kwa mkwewe hana mdomo.

Ngosha alikufa, na mwaka 1993 Venant naye akafuata. Paskazia akabaki na majaruba, na binti yake Getruda aliyepata kazi ya kuchuna minofu ya sangara kiwandani Mwanza, na neno moja jipya lililokuwa midomoni mwa kila mtu. Neno lenyewe lilikuwa ruksa.

Kila kitu kilikuwa ruksa. Zamani pamba ilinunuliwa na chama cha ushirika peke yake, na bwana shamba akipita kabla ya mvua anakemea wanaolima kando ya mto. Sasa wanunuzi watatu walipanga mizani yao Kisesa, wakigombea pamba, na bei ikapanda, na kila mwenye jembe akatafuta mahali pa kuongeza mstari. Chenge alipapata pale pale palipokatazwa, kando ya mto. Akakata mikuyu ya ukingoni mwa mto, akang'oa matete, akalima mpaka jembe likalowa maji. Katika msimu mmoja aliezeka nyumba kwa bati. Paskazia hakumwonea kijicho bati lake. Alichokiona ni maji ya mto yakibadilika rangi, mvua moja baada ya nyingine, na wanawake waliotoka kununua dagaa ufukweni wakisimulia kwamba pale mto unapoingia ziwani maji ni mekundu hadi mbali, na magugumaji yamejazana hata mitumbwi inasukumwa kwa shida.

Akaenda Kisesa kumtafuta Paulo, aliyekuwa bwana shamba wao. Alimkuta nyuma ya kaunta, amepunguzwa kazi serikalini, amefungua duka la pembejeo. Mtu yule yule aliyewafukuza watu ukingoni mwa mto alikuwa akiwauzia dawa ya kunyunyizia pamba iliyopandwa ukingoni mwa mto. Paskazia alimwomba aje mkutanoni aseme walau maneno mawili. Paulo alimpa kiti na soda, akamwambia kwa upole kwamba siku hizi yeye ni mfanyabiashara, na mfanyabiashara hagombani na wateja. Paskazia aliiacha soda pale pale mezani, haijafunguliwa.

Mkutanoni alisema mwenyewe. Alisimama akawaambia kwamba mto unakufa, kwamba walime kwa kukata mteremko, kwamba waache hatua thelathini za majani kando ya maji. Mwenyekiti wa kijiji, Masalu, ambaye shamba lake lilipakana na la Chenge, alimsikiliza mpaka alipofika kwenye lile neno. Alipotamka matuta, mkutano wote ulinguruma. Chenge akacheka, kicheko cha baba yake hasa, akasema damu ya mkoloni haifichiki. Masalu akafunga hoja.

"Mama Getruda, siku hizi ni ruksa," alisema. "Kila mtu na shamba lake."

Basi akaenda kwenye shamba lake. Akakishusha kipimio jikoni, akapima kipande chake peke yake, akainua matuta kwa jembe la mkono huku magoti yakimuuma. Yalikuwa matuta mafupi, yakianzia kwenye katani na kuishia kwenye katani, na maji yaliyoshuka kwenye mifereji ya Chenge yaliingia kwa ubavuni yakayabomoa yote. Tuta lililokatwa njiani halisaidii kitu. Baba yake alimwambia hivyo alipokuwa mdogo, na sasa aliliona kwa macho, na waliopita njiani walimpa pole za kebehi.

Kisha zikaja mvua za mwisho wa mwaka 1997, zile ambazo redio iliziita Elnino. Zilinyesha siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ya nne watu wakaacha kuhesabu. Asubuhi moja zilipopumzika Paskazia alishuka kwenye majaruba yake, mpunga ukiwa umeshafika magotini, akasimama akitafuta mahali pa kukanyaga kwa sababu hapakuwa na kitu anachokijua. Majaruba yote sita yalikuwa yamejaa mchanga. Kingo hazikuonekana. Juu ya mchanga ilisimama miche ya pamba, mingine wima kabisa, imeshuka na udongo wake kutoka kwa Chenge kana kwamba imehamishwa makazi. Alikwenda mtoni. Dimbwi la Nyamalele, ambalo hata mwezi wa tisa maji yake yalimfika mtu mzima kifuani, lilikuwa uwanja, na wanawake walikuwa wamepiga magoti wakifukua mchanga kwa vibuyu ili wapate maji ya kunywa. Mwaka wa mafuriko watu wanafukua maji. Paskazia alilia pale, si kwa huzuni, kwa hasira tu, na alipomaliza alifuta uso akarudi nyumbani kuchukua beseni.

Akalijaza mchanga kutoka kwenye jaruba la kwanza. Akajitwisha, akapanda mlima kwa mwendo wa mtu mwenye magoti mabovu, akaingia uani kwa Chenge na kumwaga mchanga wote mbele ya mlango.

"Mali yako, shemeji," akasema, "nimeiokota kwangu."

Akashuka akaleta la pili. Akaleta la tatu. Kesho yake akaleta mengine matatu. Mke wa Chenge, Hellen, alicheka siku ya kwanza, siku ya pili akafagia, na siku ya tatu akaacha kufagia. Kufikia siku ya tano watu walikuwa wakija kutazama, na Chenge alianza kutokea mlango wa nyuma. Angemfanya nini? Kumpiga mjane wa kaka yake asingeweza. Kumshtaki asingeweza pia, maana angeambiwa aeleze mchanga ni wa nani. Lile rundo liliongezeka mpaka likaegemea mlango, na kila aliyeliona alijua limetoka wapi. Siku ya tisa Hellen alimfuata njiani, akamtua beseni, akasema yeye naye anafukua maji kule mtoni kama wenzake, na amechoka.

Kesho yake Chenge akaita kikao uani kwake, yeye na Masalu na wazee wanne wa ukoo. Walikaa wakizunguka rundo la mchanga maana hapakuwa na nafasi nyingine. Chenge hakuzungusha maneno. Aliuliza shemeji yake anataka nini, alipwe mpunga au nini, aseme yaishe.

Neno lilimfika ulimini. Alikuwa na haki nalo, na alikuwa amelibeba tangu usichana. Akawatazama wale wanaume, akaona jinsi walivyokwisha kukunja nyuso wakilisubiri, tayari kuinuka, Masalu ameshashika fimbo yake. Wangeondoka, na mvua ingerudi, na dimbwi lisingefukuliwa kamwe. Paskazia akalimeza lile neno.

"Nataka majaruba," akasema.

Chenge akamwambia majaruba yake watayafukua, hilo halina ubishi.

"Si ya kule chini. Nataka majaruba ya mlimani. Ukingo mmoja baada ya mwingine, kuanzia kwangu, uvuke katani, upite kwako, uende mpaka kwa Masalu. Maji yasimame huko huko juu, na kando ya mto ziachwe hatua thelathini za matete."

Wakatazamana. Mzee mmoja akasema jaruba la mlimani hajapata kuliona, ila haoni ubaya wake, jaruba ni jaruba. Masalu akauliza kama ukingo utapandwa kitu, akaambiwa mabingobingo, majani marefu ya kulisha ng'ombe. Wakaanza kubishana upana wa ukingo, kimo chake, mahali pa kupunguzia maji yakizidi, na kila mmoja alijifanya fundi kwa kuwa kila mmoja alikuwa na majaruba kwake. Paskazia aliwasikiliza. Alitakiwa afurahi. Alichokuwa anakifikiria ni kwamba miaka arobaini ya udongo ilikuwa imekwenda kwa sababu ya neno moja, na neno lingine, la mpunga, limemaliza kazi kabla uji haujapoa.

Alipoleta kipimio cha baba yake kilichokuwa cheusi kwa moshi, Chenge alikishika, akakigeuza, akauliza ni kitu gani. Akamjibu ni kipimio cha majaruba. Chenge alikitazama muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, kisha akampokonya vigingi mmoja wa wazee akaanza kuvibeba yeye.

Siku ya kazi kikundi cha kulima kilikuja na ngoma. Walijipanga mstari mmoja, wakaimba, na wimbo ulikuwa ule ule, Paskazia aliutambua tangu mstari wa kwanza. Wengine walikuwa wana wa wale arobaini, na wazee wawili walikuwamo wenyewe. Waling'oa katani palipohitajika, wakainua kingo, wakaziacha zile hatua thelathini kando ya mto zimejaa matete ya kupandikiza. Kisha wakakaa kivulini. Hellen alipita na birika akiwanawisha, na alipofika kwa Paskazia, Paskazia alinyoosha mikono yenye udongo akanawishwa kama wengine. Alikula.

Msimu uliofuata mvua zilikuwa chache, lakini siku zilipoamua kunyesha zilinyesha vibaya. Maji yalishuka, yakakuta ukingo wa kwanza, yakasimama. Pamba ya Chenge ilibaki mahali ilipopandwa. Mpunga wa Paskazia ulichanua kwenye majaruba yaliyofukuliwa, na dimbwi, ingawa halikurudi kifuani, lilimfika mtu magotini, maji meupe ya kuchoteka. Wageni wa mradi fulani wakapita na gari lao, wakapiga picha, wakamuuliza Chenge nani amewafundisha. Chenge alivuta mkanda wa suruali akasema ni majaruba ya mlimani, ujuzi wa Wasukuma wenyewe. Masalu alitikisa kichwa kukubali. Paskazia alikuwa hatua kumi kutoka pale, amebeba kuni, na hakuna aliyemwita.

Alisubiri gari liondoke. Akashusha kuni, akapanda mpaka kwenye ukingo wa pili ambako Chenge alikuwa anaziba mahali palipokanyagwa na ng'ombe. Masalu alikuwa ng'ambo kidogo, akipalilia upande wake.

"Shemeji," akasema, "hayo ni matuta."

Chenge alisimamisha jembe. Paskazia aliutazama ule mkono. Alijua unaweza kupiga ukingo ule chini, kama mikono mingine ilivyopiga asubuhi ile mwaka 1958, na alikuwa amejipanga kulala juu yake ikibidi. Chenge akachota udongo kwa jembe, akauweka kwenye pengo, akaushindilia kwa mguu.

"Najua," akasema bila kuinua macho. "Nilijua tangu ulipoleta kile kipimio. Nilikuwa mtoto, lakini nilimwona mzee wako akitembea nacho. Ungelitaja lile neno siku ya kikao ningeinuka. Baba yangu alifungwa kwa neno hilo, ningefanyaje?"

Wakati wa kumhurumia ulikuwa huo, na Paskazia hakumhurumia. Chenge alikuwa anajua. Wote walikuwa wanajua, walingoja tu waletewe jina ambalo halitawaaibisha, na mto ukaambiwa nao ungoje.

"Na wangu alikufa akiitwa kwa neno hilo," akasema. "Litamke."

"Shemeji, tupo wawili tu hapa, ya nini?"

"Hatupo wawili. Masalu yule pale. Litamke asikie."

Chenge aliegemea jembe. Akaangalia chini mtoni, akaangalia bati la nyumba yake, akamaliza pa kuangalia.

"Matuta," akasema, kwa sauti ya kutosha.

"Ya nani?"

"Ya Mashimba."

Ng'ambo ya mpaka Masalu aliinua kichwa. Kisha akainama akaendelea kupalilia, na hakuondoka.

Paskazia hakumshukuru yeyote. Alirudi akajitwisha kuni zake, akashuka akifuata tuta la tatu lote mpaka mwisho wake, akitazama kama limepasuka mahali. Halikuwa limepasuka. Udongo wa juu yake ulikuwa kichanga chekundu, chembamba, kilichochoka, na ule mweusi wa siku za baba yake ulikuwa ziwani.